Hodi ya Tatu

Jambo hili silisimulii kanisani, maana wataniombea, wala kazini, maana wataniandikia niende kwa daktari wa akili. Nawasimulia ninyi. Lilinitokea mimi mwenyewe, si jirani wala shemeji wa rafiki yangu, na halikutokea usiku wa manane. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, taa zinawaka, nami nina tonge mkononi. Atakayetaka kucheka acheke, lakini avumilie mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake unamhusu kila anayekuja kubisha mlangoni kwangu.

Kwetu ni Kigoma. Nilifika Toronto miaka ile ambayo ukitaka kuzungumza na nyumbani unanunua kadi, unaikwangua kwa ukucha, unabonyeza namba ndefu mpaka kidole kinachoka, halafu sauti ya mwanamke usiyemjua inakuambia zimebaki dakika sita. Binti yangu Neema nilimwacha kwa mama yangu akiwa na miaka tisa. Nilipanga chumba kwa Mama Furaha, mwanamke wa Uvira, katika jengo moja la Thorncliffe Park, nikapata kazi ya kuwatunza wazee majumbani kwao. Nilikuwa nikiwaogesha, nikiwapikia, nikiwakumbusha dawa.

Mnajua ni kitu gani kilinikondesha huku? Mtasema baridi. Baridi unavaa, inapungua. Kilichonikondesha ni kwamba hakuna mtu anayepiga hodi. Watu wa huku wanakupigia simu kwanza, mnapanga siku, na siku ikifika wanabonyeza kengele. Kwa Mama Furaha kila mtu alikuwa na ufunguo wake. Nilimaliza mwaka mzima sijamwambia mtu karibu, neno limenikaa kooni. Nawaambia kweli, mtu anaweza kuumwa kwa kukosa neno moja.

Ndipo nikapewa Bibi Verena.

Alikuwa na miaka themanini na mitatu, mjane, hana mtoto, anaishi peke yake ghorofa ya kumi na nne, jengo la tatu kutoka letu. Ndugu yake pekee katika nchi hii alikuwa binti wa kaka yake, na huyo alikuwa Vancouver. Kwao ni Uswisi, milimani kabisa, kijiji kidogo kando ya ziwa. Jina la kijiji lilikuwa na herufi nyingi zilizobanana, ulimi wangu ukashindwa, nikakiita Kijijini, naye akakubali. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, halafu akauliza kama natokea mahali penye ziwa. Nchi hakuiuliza. Nilipomwambia ndiyo, Tanganyika, akauliza swali la pili: ng'ambo yake inaonekana? Nikamwambia ukiamka asubuhi Kigoma unaiona milima ya Kongo. Kuanzia hapo nikawa mtu wake.

Kutoka dirishani kwake, siku isiyo na mawingu, Ziwa Ontario lilionekana mbali, mstari wa kijivu tu. Hakulipenda. Ziwa lisilo na ng'ambo, alisema, ni maji yaliyomwagika.

Kila alasiri, nikishamaliza kumsugua miguu, alivuta kiti mpaka dirishani, akakipulizia kioo pumzi mpaka kikapata ukungu, akanichorea Kijijini kwa kidole. Mstari mrefu uliopinda, hilo ni ziwa. Vitone ishirini na saba upande wa huku ni nyumba, za mbao zilizokuwa nyeusi kwa uzee, zimepandana kwenye mteremko hata paa la mmoja linatazamana na kizingiti cha mwingine. Msalaba upande wa kule ni kanisa, na makaburi yako pembeni mwake. Kitone cha juu kabisa ni nyumba ya baba yake.

Nilimuuliza kwa nini watu wenye akili zao wajenge nyumba upande huu na kanisa upande ule wa maji. Akacheka mpaka akakohoa. Zamani za mababu, alisema, hapakuwa na ziwa. Palikuwa na mto mdogo na daraja la gogo moja. Mwaka mmoja theluji ilipoyeyuka mlima uliporomoka huko chini bondeni, ukaziba mto, na maji yakaanza kupanda polepole kiangazi chote. Watu wakahamisha ng'ombe, kisha wakabomoa nyumba ubao kwa ubao na kuzijenga juu zaidi. Maji yalipotulia, wazima wakajikuta huku na wafu wao kule. Upande wa nyumba ulikuwa mwamba mtupu, hauchimbiki kaburi. Basi tangu hapo kila aliyekufa Kijijini ilibidi avushwe.

Kiangazi maiti ilivuka kwa mashua. Katikati ya majira ya baridi, barafu ikishika, ilivutwa juu ya ziwa kwa ubao wa kuteleza. Tabu ilikuwa kwenye wiki za katikati, barafu imeshaziba njia ya mashua lakini bado haiwezi kubeba watu. Aliyekufa wiki hizo alifungwa shuka, akalazwa juu ya paa chini ya theluji, akasubiri. Bibi Verena alipokuwa na miaka saba, bibi yake mwenyewe alikaa juu ya paa siku kumi na tisa. Kila asubuhi akienda shule alimpungia mkono.

Tena jua lao lilikuwa na dharau. Kuanzia Novemba mlima ulilizuia, halikufika nyumba hata moja, likawa linawaka kule ng'ambo tu, juu ya makaburi. Wafu wanaota jua, wazima wanatetemeka. Lilirudi mapema Februari, likaanza na nyumba ya baba yake kwa sababu ndiyo ya juu, dakika chache tu. Siku hiyo shule ilifungwa, na kijiji kizima kikapanda kwao na mikate kwenda kusimama mbele ya ukuta wenye jua. Tarehe yake niliishika kichwani, kwa jinsi alivyoirudia.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye jambo lenyewe. Kila nyumba ya Kijijini ilikuwa na kidirisha chumbani, upana wa kupitisha mkate, kimezibwa kwa kibao mwaka mzima. Kilifunguliwa kwa sababu moja tu, mtu anapokata roho. Roho inatoka, kibao kinarudishwa upesi. Roho iliyopita dirishani haina haja ya mashua wala barafu, inapita juu kwa juu mpaka ng'ambo. Ila usipofungua, roho inatokea mlangoni, na ya mlangoni inakwenda kwa miguu. Inashuka ziwani, inakuta barafu haijashika, inarudi na kubisha. Ukiikaribisha inaingia, inakaa, na kesho inaanza safari upya, na kila safari inaichosha zaidi. Dawa yake ni kufungua kidirisha na kunyamaza inapobisha. Ikinyamaziwa inajua kwamba hapa si kwake tena, inapita ndani bila kukaa, inatokea dirishani. Kwa hiyo Kijijini mgeni hutaja jina lake kabla ya kugonga. Wafu hawawezi kutaja majina yao, alisema, ndicho kitu cha kwanza kuwatoka.

Nami nikamweleza ya kwetu. Kwamba sisi mgeni anasema hodi, na mwenye nyumba anajibu karibu hata kabla hajajua ni nani, mdomo unatangulia. Kwamba hodi ni tatu, na ya tatu isipojibiwa unaondoka zako bila kinyongo. Alinikazia macho, akaniambia sisi watu wa Kigoma ni majasiri au ni wajinga. Lakini neno alilipenda. Kesho yake nikiwa jikoni nikasikia mkongojo wake ukija, ukasimama mlangoni, kisha sauti yake: "Hodi." Alilivuta mwishoni, hodii, akawa kama anauliza. Nikajibu karibu, karibu ndani, nikageukia sufuria nikasingizia vitunguu.

Ikawa desturi yetu kila siku. Hodi, karibu. Yeye akaniita Mama Nima, Neema ilimshinda kama mimi nilivyoshindwa na kijiji chake.

Madirisha ya majengo yale yana kizuizi ili watoto wasianguke, yanafunguka upana wa kiganja tu. Siku moja alinituma nichukue mkate nipime. Ukapita. "Inatosha," akasema, "mimi mwembamba." Halafu akanishika mkono. "Mama Nima, siku yangu ikifika, fungua, hesabu kumi, funga. Usimngoje mtu."

Nikamwahidi. Nilimwahidi huku namfunga vifungo vya sweta, kama mtu anavyoahidi kununua maziwa.

Alifariki Januari, alasiri, nje theluji inavuma. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu, nikausikia ukilegea. Niliinuka nikaenda dirishani, nikashika kishikizo. Nikageuka nikamwona amelala na gauni lake jepesi, nikajiambia atapata baridi. Naam. Mtu ameshakufa, nami naogopa atapata baridi. Nikarudi nikamfunika blanketi, nikakaa kitini, nikapiga simu. Watu wa gari la wagonjwa walipokuja walifungua mlango mpaka mwisho, wakamtoa kwa mlango.

Yule binti wa kaka yake alinipigia kutoka Vancouver, akaniomba nifunge vitu vya shangazi yake kwenye masanduku, nyumba irudishwe mwisho wa Februari. Nikaanza. Siku ya tatu nilisonga ugali kidogo, nikakaa jikoni kula peke yangu. Taa za barabarani zilikuwa zimeanza kuwaka. Nikasikia nyuma ya mlango: "Hodi."

Ninyi mngefanyaje? Msiniambie mngeuliza nani. Mtu wa kwetu akiwa na chakula mbele yake hana muda wa kuuliza. Nilisema, "Karibu. Karibu tule."

Maneno yalipokwisha kunitoka ndipo tonge likanigandia mkononi. Mlango ulikuwa umefungwa, na mnyororo wake umewekwa. Nao haukufunguka, hilo nawaapia, sikusikia kitasa. Nilichosikia ni kiti kikivutwa sebuleni, taratibu, namna ile ile. Na ikaja harufu ya sufu iliyoloa.

Nikaenda. Miguu haikuwa yangu, lakini ilikwenda. Bibi Verena alikuwa amekaa dirishani, amenipa mgongo, sweta lake la kijivu nililomfunga vifungo, nywele zake nilizozisuka. Kioo mbele yake kilikuwa na ukungu ingawa sikumsikia akipumua. Soksi zake zilikuwa zimeloa mpaka kwenye vifundo. Akasema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za njia:

"Barafu haijashika."

Mtaniuliza kama nilikimbia. Nilimuuliza kama atakunywa chai. Mazoea ni kitu kibaya. Nikaipika, nikaiweka kando yake, nikakaa kwenye kiti changu kando yake. Tulikaa hivyo mpaka nje kukawa giza kabisa. Nilipopepesa macho kiti kilikuwa kitupu, chai imejaa, na chini palikuwa na madimbwi mawili madogo ya maji, kila moja upana wa unyayo. Kiooni palikuwa na ziwa na vitone ishirini na saba. Nilivihesabu.

Usiku ule nililala na taa. Kulipokucha nilijiambia sirudi tena pale, na saa tisa alasiri nilikuwa pale.

Mnaona aibu yangu ilipoanzia? Saa kumi na moja hodi ilikuja, nami nikajibu. Na siku iliyofuata pia. Kazi ya kufunga vitu ilikuwa ya wiki moja, nikaifanya ya mwezi. Sanduku nililolifunga Jumatatu nililifungua Jumanne nikapanga vikombe upya. Nikawa nakaa naye, namweleza habari zangu zote: mama anasema Neema amerefuka, Neema ameanza kuniita "wewe mama wa kwenye simu". Alinisikiliza kwa mgongo. Neno lake lilikuwa lile moja, barafu haijashika. Jumapili kadhaa zikapita kadi ya simu iko mkobani, haijakwanguliwa. Nilikuwa na mtu wa kunipigia hodi, ya nini kusumbuka na dakika sita?

Lakini macho ninayo. Siku ya kwanza zililoa soksi tu. Wiki ya pili maji yalifika magotini. Wiki ya tatu pindo la gauni lilikuwa limeganda, likigonga mguu wa kiti. Mkongojo wake ulipotea njiani, akawa anakuja ameshika ukuta, nausikia mkono wake ukipapasa kwenye ujia kabla ya hodi. Vidole vyake vilikuwa vya buluu. Nilimwekea taulo juu ya kiti. Hilo ndilo nililoweza, taulo.

Mama Furaha ndiye aliyenikatiza. Alikuja alasiri moja bila kuniambia, kunisaidia kubeba masanduku, akidhani kazi inanizidi. Mwanamke mnene, mcheshi, kwenye kwaya yeye ndiye wa kwanza kuchelewa na wa kwanza kuimba. Aliyakuta masanduku matupu na meza imeandaliwa vikombe viwili. Kabla hajauliza, saa kumi na moja ikafika. Mimi nikasikia hodi. Yeye hakusikia kitu, alinisikia mimi tu nikijibu karibu.

"Unakaribisha nani, Mama Neema?" akauliza. "Hapa hakuna mutu."

Nilikuwa natazama kitini. Naye akafuata macho yangu, akaona kiti, kisha akaona maji yakitandaa chini yake polepole, wala hakuna kilichomwagika. Mwanamke yule hakupiga kelele. Alichukua kitambaa, akapiga magoti akayapangusa, akakikamua kwenye sinki, akarudi, maji yakawa yamejaa tena. Akayagusa kwa kidole na kukiondoa haraka. Ndipo akanikalisha jikoni akanitaka niseme, nami nikasema yote, kijiji, kidirisha, ahadi, blanketi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Si juu ya baridi. Weye uliogopa kubaki peke yako."

Nilitaka kubisha. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini ilikuwa kweli, na mpaka leo sina kweli nyingine. Siku ile nimeshika kile kishikizo, nilijua nikifungua atakwenda, na nikishafunga nitabaki mimi na ukuta. Sikumwonea huruma yeye, nilijionea mimi. Nikalia vibaya sana.

"Huyu mutu amechoka," Mama Furaha akasema. "Umuache aende kwao."

Zilikuwa zimebaki siku mbili ifike ile tarehe ya jua kurudi Kijijini. Siku hizo mbili sikwenda. Ya tatu nilinunua mkate, nikaenda nao mapema. Kulikuwa kweupe, anga la buluu, baridi ya kugandisha kope. Nilifunga vitu vyote, nikavisogeza ukutani, nikabakiza kiti chake peke yake. Ilipokaribia saa kumi na moja nilifungua dirisha mpaka likagota kwenye kizuizi, nikapima kwa mkate, ukapita. Mama Furaha alikuwa nje kwenye ujia karibu na lifti, alikataa kuniacha. Nikakaa sakafuni, nikajiziba mdomo kwa khanga, pindo lote nikalishindilia.

Mkono ukapapasa ukutani muda mrefu. Kisha ikaja.

"Hodi."

Mnajua ulimi ulivyo mjinga? Ulijibu. Ulijibu ndani ya khanga, nikausikia ukigonga meno. Sauti haikutoka.

Upepo wa dirishani ulikuwa unanikata mgongo. Nikaanza kuomba kwa moyo, sijui nilikuwa namwomba nani. Ikaja ya pili, chini zaidi, ya mtu aliyeegemeza kichwa kwenye mlango.

"Hodi."

Nilifikiri nitakufa pale pale. Nilifikiri, siku moja tu zaidi, nimpe chai, kesho nitanyamaza. Nilikuwa nimeshaanza kuivuta khanga. Na hapo ikaja ya tatu.

"Hodi, Mama Nima."

Jina lake lilikuwa limemtoka zamani. Langu alikuwa bado analo.

Nikanyamaza. Ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kuyafanya, na nimezaa, nimemzika baba, nimemwacha mtoto uwanja wa ndege. Nikanyamaza mpaka mnyororo wa mlango ukatikisika kidogo, ukatulia. Kitu cha baridi kikapita chini ya mlango, kikapita kando ya bega langu na ile harufu ya sufu iliyoloa, hakikusimama kitini. Pazia likavutwa kwenda nje. Kelele za magari ya chini zikakatika, nadhani kwa nukta chache, kisha zikarudi. Nikahesabu kumi kwa vidole, nikafunga.

Nilipomfungulia Mama Furaha tulisimama pamoja mbele ya kioo, naye yu hai, muulizeni. Ukungu ulikuwepo, na ziwa, na vitone vyake vyote. Na palikuwa na mstari mmoja mpya, umeanzia kitone cha juu kabisa, umekata ziwa bila kukatika mpaka kwenye msalaba. Kiti kilikuwa kikavu, na sakafu pia.

Mtadhani imeishia hapo. Mimi pia nilidhani hivyo.

Neema wangu alikuja miaka sita tangu nilipomwacha, makaratasi yalipokamilika, ana miaka kumi na mitano. Ilikuwa Januari. Mama Furaha mwenye gari alikwenda kumpokea uwanja wa ndege, mimi nikabaki kupika, maana nilikuwa nimeshapata nyumba yangu mwenyewe ghorofa ya sita na nilitaka akute chakula cha moto. Nilitegemea watachelewa, ndege za majira yale hucheleweshwa na theluji. Mama Furaha alimwingiza mlango wa chini, akamwonyesha lifti, akamtajia namba ya mlango, akarudi kutafuta pa kuegesha gari.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa jikoni na mwiko mkononi. Nyuma ya mlango sauti ya kike, imekauka kwa safari, ikasema, "Hodi."

Sijui mwiko uliangukia wapi. Nilijikuta sakafuni na mtandio mdomoni, macho nimefumba. Hodi ya pili ikaja. Ya tatu ikaja. Nikanyamaza, kwa kuwa kunyamaza ndicho nilichokuwa najua. Nikasikia magurudumu ya begi yakiondoka kwenye ujia. Wafu hawana mabegi ya magurudumu, lakini hilo nimelifikiri baadaye.

Mama Furaha ndiye aliyemkuta. Nilipokimbia chini kwa ngazi, miguu mitupu, mwanangu alikuwa amekaa juu ya begi lake karibu na mlango wa nje unaoingiza baridi, kwenye koti la kuazima, mikono katikati ya magoti. Miaka sita nilikuwa nimeipanga siku ile. Alinitazama kama unavyomtazama mtu wa ofisini, akasimama, akaniamkia shikamoo.

"Nilipiga mara tatu, mama," akasema. "Ulivyonifundisha."

Nimemweleza mara nyingi. Anaelewa, au ananistahi, siwezi kujua. Ila vidole vyake vilikuwa vya baridi nilipovishika, na ile baridi naijua.

Kwa hiyo kwangu sasa tuna sheria, na ninyi mtakaokuja muishike. Taja jina lako kwanza. Sema mimi fulani, halafu ndiyo useme hodi, na sauti yangu utaisikia kabla hujafika ya pili. Neema mwenyewe, na sasa ni mtu mzima ana funguo zake, hufanya hivyo kila akirudi kazini: ni mimi Neema, hodi. Na kama umemwahidi mtu kumfungulia dirisha, mfungulie siku ile ile, hata ukibaki peke yako. Usimpe blanketi.

Bibi Verena hajarudi. Alifika, naamini hivyo, maana angekuwa hajafika angebisha. Lakini kila Januari, inapokaribia saa kumi na moja, nazima redio na kupunguza moto jikoni. Neema ameshaniona. Haniulizi nasikiliza nini, anakaa tu sebuleni, na baada ya muda anasema kutoka kule, bila sababu yoyote, "Mama, ni mimi Neema. Niko hapa."